Nilipofika kwenye Jina Lako

Asyut, Jumapili jioni

Mdogo wangu Febronia,

Mama hajambo, na mikate ya wiki hii imeumuka vizuri. Barua yenu kutoka Chad imesomwa kanisani leo. Watu walilia waliposikia umeshawafundisha wanawake wa huko wimbo wa kwanza. Jirani yetu Mama Ihsan akanigeukia: "Si wewe ndiye uliyekuwa uende? Miaka mitatu ya Kifaransa, jamani!"

Nikacheka. "Daktari aliukataa moyo wangu, mama."

Kuna jambo hulijui. Kabla ya kuwapa wewe na Nagi nafasi yangu, kamati ya misheni iliniuliza kama unafaa. Nikawaambia mume wako anafaa, lakini wewe ni mvivu, hutamaliza mwezi. Nilisema uongo huo huku nikikushonea magauni ya safari. Wakakutuma hivyo hivyo.

Leo mchungaji aliniomba niwaombee ninyi mlioko huko. Nikamtaja Nagi, nikawataja watoto wenu mmoja mmoja. Nilipofika kwenye jina lako, nikasema, "Amina." Mama akafumbua macho, akanitazama.

Nisamehe. Ila ukinijibu, usinijibu kwa upole, huo sitauweza.

Dada yako,
Nargis