Nitaketi Tena Chini ya Hema

Mama mpenzi, shikamoo.

Katika karakana hii ya Malindi, anayedai kuwa mshono wa hema hauvuji huketi chini yake kwa kanzu safi, huku mshono ukimwagiwa maji ndoo nzima. Nilidai, kwani mashine yetu mpya hufunika mshono kwa utepe unaogandishwa na hewa ya moto. Nikalowa chepechepe.

"Msomi, umetawadha au umeoga?" akanicheka Fundi Athmani.

Nilibishana naye hadi adhuhuri, ndipo nikalibaini kosa: mafundi waliupaka uzi nta kwa mazoea, nta ikayeyuka, utepe ukabanduka. Ijumaa tutajaribu uzi mkavu. Mshono ukivuja tena, mashine itarudishwa, nami pamoja nayo.

Niombee dua. Shangazi akija huku, mpe kanzu yangu ya Idi aniletee niivae Ijumaa. Hiyo sitarajii kuianika.

Mwanao, Salim