Mbao za Maktaba na Kaburi la Amisi

Jumatano, tarehe 22 Oktoba. Miezi saba na siku nne tangu niondoke Kabambare.

Mvua ilianza alfajiri, ikaacha saa saba mchana. Nimekaa kwenye baraza ya nyumba ninayopanga, magoti yananiuma, vidole vimepasuka kwa simenti. Naandika polepole. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo makosa yatakuwepo.

Nina hasira. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kazi yangu hapa Kindu ni kubeba mchanga na kuchanganya simenti kwenye maktaba ya chuo cha zamani. Ilijengwa wakati wa Wabelgiji kwa fedha ya tajiri mmoja wa ng'ambo ambaye hakuwahi kukanyaga hapa. Sasa wajukuu wa fedha hiyo, yaani shirika lililobaki na jina lake, wametoa msaada ili ifufuliwe. Paa tumeweka, kuta tumepiga lipu, zimebaki rafu. Rafu zenyewe zililetwa kwa boti, za unga wa mbao uliogandishwa, na zilifika zimevimba kwa unyevu kama mkate uliotiwa kwenye chai. Ukiweka vitabu kumi zinapinda. Tuko katikati ya msitu, tumezungukwa na miti mpaka macho yanachoka, lakini karatasi za wafadhili zinasema rafu lazima zitoke kwenye katalogi yao. Nani atabishana na katalogi?

Rafu za zamani hazikuwa hivi. Nazijua kwa sababu nilizibomoa mimi.

Hapo. Nimeandika.

Miaka ya vita mimi na mdogo wangu Amisi tulifika Kindu tukisukuma baiskeli mbili za mawese na mchele. Tulipanga kulala siku mbili. Njia ikafungwa nyuma yetu, tukakaa miezi. Mji ulikuwa umezungukwa, na wengi waliopita nyumba za mwisho kutafuta mihogo au kuni hawakurudi. Tulilala kwenye baraza ya maktaba. Mtunzaji wake, Mama Zaina, alipoona mvua inatupiga akatufungulia chumba cha nyuma. Mshahara wake ulikuwa umekatika zamani, lakini alikuja kila asubuhi, akafagia, akapangusa vitabu, akafunga saa kumi jioni. Hakuna mtu aliyekuja kusoma. Nilimwona kama mwenda wazimu.

Amisi alianza kuhara Jumapili. Jumatano akafa. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Kwetu Waislamu maiti hawekwi kwenye sanduku. Ndani ya kaburi anachimbiwa mwanandani, shimo dogo la kumtosha yeye tu, kisha linafunikwa kwa miti au mbao ili udongo usimwangukie. Siku ile hapakuwa na mti wala ubao. Msituni hakuendeki, na milango mingi ya mtaa ilikwisha kwenda na wafu wengine. Nilirudi maktaba, nikakaa sakafuni, nikamwambia Mama Zaina kwamba mdogo wangu atamwagiwa udongo usoni.

Hakusema pole. Alitoa vitabu vya rafu ya kwanza kimoja kimoja, akavipanga chini, akaniletea bisibisi.

Kila ubao ulikuwa na kibati kidogo cha shaba chenye jina la yule tajiri. Nilitaka kuubeba ubao wa kwanza hivyo hivyo, Mama Zaina akanishika mkono.

"Toa kibati kwanza. Hatuwezi kumulaza muntu na jina la muntu mwingine juu ya kifua."

Mbao sita zilimtosha Amisi. Watu waliokuja kuzika waliziona. Kesho yake walikuja wengine wawili. Wiki iliyofuata walikuja Wakristo, wakitaka mbao za masanduku. Mama Zaina hakumwuliza mtu dini yake, wala hakupokea hata kikombe cha mchele. Mimi nilibomoa, yeye alitunza vibati kwenye kopo la maziwa. Tulipomaliza, vitabu vilikuwa vimelala sakafuni juu ya matofali na kuta zilikuwa tupu. Baadaye wanajeshi walikaa mle ndani, wakapikia vitabu vingi. Lakini rafu hawakuzikuta.

Njia ilipofunguka nilirudi Kabambare. Sikuwahi kurudi Kindu mpaka mwaka huu, nilipotafuta kazi, na kazi niliyopata ikawa ni hii. Siku ya kwanza tu Mama Zaina alinitambua. Amezeeka, anatembea kwa kuegemea ukuta, lakini bado alikuwa anakuja kufagia ua bila kuitwa na mtu. Kitu anachotaka ni kimoja: maktaba ikifunguliwa, apewe tena funguo. Alisema amezingoja miaka yote hii na hataki kufa akiwa mtu wa nje. Wafadhili wanataka mtunzaji anayejua vitabu vilivyobaki na asiye na doa. Wote tulijua ni yeye.

Kisha redio ya mji ikatangaza kwa wiki mbili: kila mwenye kitu cha maktaba akirudishe, hataulizwa swali.

Mama Zaina aliamini redio.

Juzi Jumatatu alikuja amevaa kitenge chake kizuri, kopo amelifunga kwenye kitambaa. Mjumbe wa wafadhili, bwana mmoja wa kutoka Kinshasa, alikuwa kwenye meza yake chini ya turubai. Mama akamwaga vibati vyote mezani. Alikuwa amevisugua kwa majivu vikang'aa. Alisimama pale akingoja kushukuriwa, na mimi niliyekuwa hatua tatu kutoka hapo na koleo langu nilifikiri pia kwamba atashukuriwa.

Mjumbe akachukua kimoja, akasoma jina, akauliza rafu zenyewe ziko wapi.

"Iko na watu wenye walikufa," Mama akasema.

"Nani alizibomoa?"

"Njo miye niliamuru."

"Mama, sikuuliza nani aliamuru. Nani alizibomoa?"

Mama Zaina alitazama meza. Hakunitazama mimi hata kidogo. Akajibu kwamba ni zamani, ilikuwa mikono ya watu tu.

Shefu wetu, Pontien, msimamizi wa ujenzi, alishatuambia mapema kwamba yeyote atakayejulikana alishiriki kuiba mali ya maktaba ataondolewa kazini siku hiyo hiyo. Nilikumbuka maneno hayo. Nikaendelea kugeuza simenti ambayo ilikuwa imekwisha kuchanganyika.

Nilinyamaza.

Jana Jumanne neno lilikuwa limeenea: mama yule aliuza rafu wakati wa vita, akaweka shaba ili aiuze nayo. Bushiri, fundi seremala wetu, mtu wa mizaha, alikuwa anapiga msumari kwenye zile mbao za unga, msumari unaingia kama kwenye ugali. Akasema, "Ule mama alikula mbao za kweli, sisi tunaletewa makombo." Wote wakacheka.

Na mimi nilicheka.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma mara tatu. Mbao zilizomfunika mdogo wangu, na mimi nikacheka.

Leo asubuhi Mama Zaina alikuja na fagio lake kama kawaida. Mlinzi akamzuia getini, akasema ni amri. Hakubishana. Mvua ilikuwa inapiga, akasimama nje ya geti chini ya kipande cha bati, fagio mkononi, akiangalia ndani. Sijui alikuwa anangoja nini. Labda alikuwa hajui aende wapi saa ile, kwa sababu kwa miaka mingi saa ile alikuwa hapo.

Nikaweka koleo chini. Nikaenda kwa mjumbe, miguu imejaa tope.

Nilimwambia yote: mji ulivyofungwa, Amisi, bisibisi, mbao sita, watu waliofuata. Nilimwambia hakuna ubao hata mmoja uliouzwa, na kwamba nikipewa siku moja naweza kumtajia familia zaidi ya ishirini ambazo ziko hapa hapa mjini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, naandika hili kwa haki. Alikuwa anaandika ninavyosema, akaniomba niweke sahihi, nikaweka.

Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejumlisha, "Kwa hiyo mulikuwa wawili."

Sikuelewa mara moja. Akanigeuzia fomu yake. Mbele ya kila kitu kilichopotea kuna nafasi tatu za kuweka alama: kimevunjika, kimeibiwa, hakijulikani. Rafu zinajulikana zilikwenda wapi. Hazikuvunjika. Basi.

"Miye nakuamini, papa," akasema. "Lakini nafasi ya nne haiko."

Nilimwuliza mtu aliyetengeneza fomu hiyo alikuwa anakaa nchi gani ambako hakuna vita. Akasema kamati itakaa Ijumaa saa tatu kuamua habari ya mtunzaji, na kama nina jambo la kuongeza niende huko. Nilikwenda kumsafisha Mama Zaina doa moja, nikaacha mawili.

Nilipotoka, Bushiri akaniita mbele ya wote. Hapa kazini hawanijui kwa jina, wananiita kwa jina la kwetu. "Kabambare, ulienda kuomba mushahara wa shefu?" Nikamwambia nilikwenda kusema ni mimi niliyezibomoa zile rafu, na mdogo wangu yuko chini ya sita kati ya hizo. Aliacha mdomo wazi, msumari mkononi. Baadaye kidogo akaja karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo kwamba shangazi yake alizikwa miaka ile, na hajawahi kuuliza sanduku lilitoka wapi.

Saa nane Pontien akaniambia kesho nisije.

Nilikwenda nyumbani kwa Mama Zaina nikitegemea, kusema kweli, anibariki. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, nguo bado mbichi. Nikamweleza. Uso wake ukabadilika.

"Sasa umewaonyesha makaburi," akasema. "Na wakienda kuchimbua?"

Nikamjibu hakuna atakayechimbua.

"Unajua wewe? Watu wenye kutafuta mali yao? Ulitaka roho yako itulie, basi. Miye nilinyamaza juu ya Amisi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Siku mbili nilikuwa nafikiri amenificha mimi. Alikuwa anamficha yeye. Nikakaa kwenye mkeka, na nilijiona bado ni yule kijana aliyekaa sakafuni akilalamika mpaka mwanamke huyu huyu amtafutie dawa ya shida yake.

Mjukuu wake alileta chai, ikapoa.

"Ijumaa saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu."

"Vaa shati safi. Na usianze kulia mbele yao. Utaniaibisha."

Sijui kamati itaamua nini. Sijui hata kama nilitenda vema, na hakuna wa kuniambia. Kesho nitapita kwa zile familia, moja moja, niwaombe waje waseme majina ya watu wao kwa midomo yao wenyewe. Bushiri amesema atakuja kwa ajili ya shangazi. Wengine labda wataogopa kama nilivyoogopa mimi, na sitakuwa na uso wa kuwalaumu. Mama Zaina akinyimwa funguo, walau anyimwe huku watu wamesimama nyuma yake, si peke yake nje ya geti na fagio.

Gari la kwenda Kasongo, njia ya kwetu, linaondoka kesho asubuhi na nafasi ilikuwepo. Nimeikataa. Nitapanda la Jumamosi, niwe nimeandikwa mwizi au sijaandikwa. Nyumbani wanitegemee Jumanne tarehe 28, barabara ikipitika.