Muguu wa Kadidja na Maji ya Swala

Mama Julienne wa redio, nakusalimia.

Mimi ni Muzee Nuhu wa Ndosho, miaka yangu ni sabini na tisa, nimepita volkano na kolera na vita ambavyo hata majina yake vijana hawajui, nimezika ndugu zangu wote, na bic hii naishika mwenyewe, hakuna mutu ananiandikia. Kwa hiyo ukiona naomba shauri, ujue si kwa kukosa akili, ni kwa sababu vichwa vya watu wa hospitali vimekuwa vigumu kuliko changu.

Bibi yangu Kadidja, mama wa watoto wangu, iko na ugonjwa wa sukari, kidonda kimemushika kwa muguu, analala hospitalini, na kila wakati wa swala mimi mwenyewe namufungua bande ya kidonda, namuosha muguu mpaka kwa kifundo vile baba yangu alinifundisha kule Kasongo, kisha namufunga tena, na namufunga vizuri, maana nilikuwa dereva wa camion, lori kubwa, hakuna kamba inanishinda, sasa infirmière, muuguzi wake, jina lake Léonie, binti wa Bukavu, akikuta bande imelowa anawaka.

"Muzee, tena maji?"

"Ni udhu, binti."

"Kidonda kinaoza. Mama aache kusali mpaka apone."

Nikamuambia, "Na wewe acha kupumua mpaka jioni." Wagonjwa wakacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Hapa wagonjwa wote ni sawa, siwezi kumuwekea mumoja sheria yake."

Sasa docteur amesema muguu ukiendelea kulowa utakatwa, na mimi nimekwisha kukata shauri, kesho namurudisha nyumbani, hakuna mutu atamukataza bibi yangu kusali mbele ya macho yangu, nilimuoa kabla hospitali hiyo haijajengwa, lakini Kadidja analia, ananiita kwa jina la mutoto wetu, anasema, "Papa Jumaine, nataka Mungu, na muguu pia nautaka," na maneno hayo yamenikaa kwa kifua. Uniambie kama niko na haki, ingawa najua niko nayo.

Ukizani nasema uongo, uliza Birindwa, mukatoliki, bibi yake analala kitanda cha pembeni, ameona yote. Uliza na Shakila, bibi ya mutoto wangu, anayetuletea chakula.

Nuhu

JIBU

Pole sana, papa Nuhu. Haki unayo, lakini nusu tu. Kumuambia mama mugonjwa aache kusali, bila kumuuliza swala yake inaendaje, ni kosa, na Léonie, kama unanisikiliza, kosa hilo ni lako. Kuhudumia wote sawa si kumunyima mumoja kitu kwa sababu jirani yake hakihitaji.

Lakini wewe, muzee, ulimuuliza nani? Mimi ni mukristo, sikujua, nikapigia simu imamu mumoja wa Birere. Alinijibu kabla chai yangu haijapoa: mugonjwa mwenye bande anaiacha imefungwa, anapitisha tu mukono wenye unyevu juu yake. Na docteur akikataza hata unyevu, anapiga viganja kwa jiwe safi, anapanguza uso na mikono, na swala yake ni kamili. Mawe ya volkano yamejaa hata mbele ya mulango wako. Hiyo ni dini yako, papa, si yangu. Camion ulifundishwa. Kidonda hukufundishwa, na kila ulipokifungua ulikiumiza.

Usimutoe Kadidja. Kesho umulete imamu pale kwa kitanda, Léonie awepo, na mama aongee wa kwanza, mbele yako wewe. Léonie amuulize saa za swala, abadilishe bande katikati ya saa hizo, amuvutie pazia. Na wewe kaa kwa kiti, mikono kwa magoti, bande usiiguse tena.

Ukimubeba kwa hasira utakuwa umemushinda Léonie, watu wa Ndosho watakusifu, na Kadidja ndiye atakayelipa kwa muguu wake.