Aliyeshika Kamba Mtoni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi presha, na yale magoti yako? Mimi ni mzima, ila mwili umechoka hadi hausikii maumivu. Nakuandikia nikiwa nyumba ya wageni chini ya mlima. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, nami nitafuata na la kesho, maana kwa mdomo sitaweza kukueleza haya.

Ulinituma nikapaone kwa macho yangu pale ambapo wenzake wa safari walisema maji yalimchukua mdogo wangu, Chiriku wetu. Ulisema huwezi kumlilia mwanao kwa maneno ya watu. Haya, nimekwenda. Mimi fundi cherehani, mtu wa kukaa kutwa, nimepanda milima hadi nikavitukana viatu. Kiongozi wa msafara niliojiunga nao, dada mmoja mkavu asiyecheka ovyo, ana sheria yake: mwenye mwendo mbovu kuliko wote ndiye hutangulia, wengine wamfuate, asije akaachwa. Basi safari nzima nimeongoza mimi, wenye miguu yao wakinung'unika nyuma. Wakanibandika jina, Bi Haraka.

Wanasema mabonde yale ni mazuri. Mimi nilitazama chini nisijikwae. Mvua ikanyesha, nikalowa, nikala mkate uliolowa, nikalala. Nilitegemea nikifika mtoni nitalia, nikuletee angalau kilio. Tulipofika nikakuta ni maji tu, yanapita. Sikusikia lolote moyoni, mama, na nikajionea haya.

Kesho yake tulivuka mto huohuo, huko chini zaidi. Daraja hakuna. Kuna kamba iliyofungwa ng'ambo hadi ng'ambo, na mtu anayesimama majini kuwapokea wasafiri. Kwa kuwa mimi ndiye mtangulizi, nilimfikia peke yangu. Akanishika mkono, nikamtazama usoni.

Kama umesimama, mama, kaa chini. Alikuwa Chiriku. Yu hai, mzima wa afya, kakonda tu na kafuga ndevu.

Sikupiga kelele, wala yeye hakunikumbatia. Alinipandisha ukingoni, akarudi kuwavusha wengine mmoja mmoja, nami nikakaa juu ya jiwe nikikamua soksi. Alipomaliza akaja kukaa kando yangu. Aliniambia maji yalimtupa pale kivukoni, wavushaji wakamuuguza. Alipopona, njia ya nyumbani alikuwa anaijua. Hakuifuata tu. Alisema nyumbani alikuwa akipendwa hadi anakosa pumzi, na kule hakuna anayemngoja dirishani. Yule aliyekuwa hafungi mdomo alisema hayo tu. Kisha akaniomba nikwambie sikumwona. Nikamwitikia, nikashika njia. Wenzangu walidhani nina kizunguzungu.

Nimeshindwa kukubebea uongo huo. Ila nakusihi, usimfuate, wala usimtume mjomba. Kaapa kwamba akimwona tena mtu wa kwetu, atahama, na safari hiyo hatutampata. Kasirika, mama, kasirika utakavyo. Lakini msiba huna.

Nisalimie mjomba na jirani yetu wa dukani, na uwaambie tu kwamba narudi. Kucha mbili za miguu zimeng'oka. Nakwambia mwenyewe, maana najua hutakumbuka kuuliza.

Ni mimi mwanao,
Dada mtu