Taa za Kigari cha Mama

Nyumba ileile, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti (ingawa kwa picha ulizotuma juzi, jina hilo limekupita kitambo),

Salamu nyingi sana. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto, wale wanaokua bila shangazi yao kuwaona? Kile kikohozi chako kimeisha, au bado unajitia kidume na kukataa dawa? Mimi mzima. Goti la kushoto tu linanisumbua nikisimama zamu nzima wodini, lakini nionyeshe mkunga wa umri wangu asiyeumwa goti.

Nyumba imepoa. Miezi minne sasa tangu tumzike mama wewe ukiwa huko mbali, na bado nachemsha chai ya watu wawili. Ya pili naimwaga. Sikuambii ili ulie, nakuambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Sasa nije kwenye gari. Uliandika niliuze "hilo debe la mama". Nilikasirika, sikufichi, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Debe hilo ndilo linalonipeleka kazini, na kwenye kiti cha abiria bado upo ule mto wake wa mgongo. Basi mwezi uliopita nililipeleka kwenye ukaguzi. Mkaguzi akatazama taa za mbele, akatikisa kichwa. Vioo vimekuwa vya manjano kama kucha za mvuta sigara, mwanga hautoki. Akanipa siku kumi na nne: nibadilishe taa, la sivyo gari halitaruhusiwa tena barabarani.

Nikaona kazi ndogo. Nikaenda duka la spea, nikasoma mwaka wa gari kwenye kadi, nikapewa taa mpya ndani ya boksi. Fundi akazijaribu, wapi! Matundu ya skrubu hayakutani, na pembe moja imetokeza nje kama sikio. Nikazirudisha. Muuzaji wa duka la pili, mwenye miwani, akajifanya mjuzi, akataka namba ya chesi, akaniagizia. Siku nane nimesubiri. Kufungua boksi, taa ni zilezile! Fundi akasema labda gari limepinda kwa uzee. Nikamwambia apinde yeye.

Zikiwa zimebaki siku tatu nikamkumbuka Mzee Spana, yule aliyekuwa fundi wa mama zamani. Amekula chumvi nyingi, macho hayamsaidii, lakini gereji hajaiacha. Alipapasa boneti kwa vidole, akapapasa bampa, akaanza kucheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mwanangu," akasema, "hata ungeagiza taa mbinguni zisingeingia. Huu uso si wa gari hili."

Ndipo akanieleza. Kijiti! Kumbe uliligonga gari kwenye ukuta wa shule ukiwa na miaka kumi na sita, mimi nikiwa chuo cha ukunga, baba akiwa safarini! Mama akakupeleka kwa Mzee Spana huku unalia, shati limejaa damu ya pua. Mzee akatafuta uso mzima wa gari la jina hilohilo, ila lililotengenezwa miaka mitatu baadaye. Uso huo ukafungwa, ukapigwa rangi ileile, na fundi akaapishwa asiseme. Baba aliporudi akalisifu gari kwamba linang'aa siku hizi! Marehemu baba amekwenda bila kujua.

Haya, tulipojua mwaka wa uso, taa zilipatikana siku hiyohiyo kwenye uwanja wa magari mabovu, kuukuu lakini vioo safi. Ziliingia bila hata kugongwa. Juzi nimepita ukaguzi, stika ninayo.

Nilirudi nyumbani mchana huo nina furaha, nikafungua mlango nikaita, "Mama, njoo uone!" Nikabaki nimesimama pale na funguo mkononi. Wee, acha tu.

Na tangu hapo nina wivu, mdogo wangu. Miaka sita nimemuuguza, nimemlisha, nimemwogesha, na alinihadithia mpaka mambo ya ujana wake, lakini hili hakunigusia hata siku moja. Nilidhani namjua mama mzima. Kumbe kulikuwa na mama mwingine, jasiri, mwongo wa kupigiwa mfano, aliyemzunguka baba bila kupepesa jicho, na huyo unamjua wewe peke yako.

Nilitaka kukuomba uniandikie siku ile yote: njiani alisema nini, alikuchapa au alicheka, mlikula wapi, mlirudi nyumbani na nini. Lakini hapana, usiandike. Barua yako nitaimaliza kwa dakika kumi, kisha nyumba itanyamaza tena. Njoo. Miaka tisa ya kukaa mbali inatosha, jamani. Njoo ukae hapa mezani unisimulie taratibu, na ukifika mwisho nitakuomba uanze upya.

Nisalimie sana wifi, mkubwa wenu aliyeanza kunyoa ndevu, na wale pacha wasumbufu. Mjomba akipita huko kwenu mwambie simu yangu inapokea, ajaribu. Mungu awafunike nyote, na akunyooshee njia ya kurudi.

Ni mimi nikupendaye, niliyekubeba mgongoni,

Dada yako.