Kifaranga Aliyefungwa Uzi wa Sweta

Mpendwa Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo usishangae mwandiko ukienda upande. Mjukuu wako ana miezi mitatu. Alizaliwa mguu wa kushoto umepinda kwa ndani. Daktari wa hospitali ya Kaplong amesema utanyooka, mradi kila Jumatatu nimpeleke akabadilishiwe plasta sasa hivi mifupa ikiwa bado laini. Mama mkwe hataki. "Mtoto ni wa Mungu, wacha kumsumbua," ananiambia kila kukicha, na mume wangu anainamia kikombe chake cha chai kana kwamba hajasikia. Jumatatu ndiyo siku ya kuchuma chai, na mikono ni michache.

Tangu tukuzike kule nyumbani Boito, nyuma ya nyumba, sijapata wa kumweleza mambo kama haya. Wewe utanielewa, kwa sababu nilikuona na yule kifaranga.

Nilikuwa darasa la saba. Mvua ya mawe ilikuwa imechapa chai yote na baridi haikuwa ya mchezo, ukaingiza vifaranga jikoni ndani ya katoni. Chini tulitandika gunia la plastiki la mbolea, kama kawaida yetu. Gunia hilo ndilo lilikuwa koti letu la mvua, aproni yetu ya kuchumia chai, na kiti chetu mahali popote. Nani angelishuku? Siku chache baadaye kifaranga mmoja alikuwa amelala kifua chini, miguu imetanuka, mmoja huku na mwingine kule. Kila akijaribu kuinuka, anateleza.

Baba alimtazama mara moja tu. "Hiyo tupia mbwa. Kuku ya kilema ni ya nini?"

"Mbwa yako ikiwa na njaa, ipe chakula yako," ukamjibu bila kugeuka.

Ukapitisha kidole juu ya lile gunia. "Huyu hana ugonjwa. Amekosa mahali ya kukanyaga. Hapa hata mimi ningeanguka." Ukalitupa nje, ukatandika kipande cha gunia la katani. Kisha ukachomoa uzi kwenye mkono wa sweta yangu ya shule, bila hata kuniomba, ukamfunga miguu yote miwili ikiwa imekaribiana, na kauzi kafupi katikati ili aweze kusimama. Alilia sana, maskini. Nikakusihi umfungue.

"Wacha alie," ulisema. "Nikimhurumia leo, atakaa chini maisha yake yote."

Nilikuona mkatili siku hiyo, Mama. Lakini ulimlisha uji kwa ncha ya kidole chako, na ulipokwenda kuchuma ulimbeba mfukoni. Kwenye foleni ya kupima chai alianza kupiga kelele, wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Leo unauza chai ama kifaranga?" mmoja akakuuliza. "Chai nauza," ukasema. "Huyu anajifunza kusimama." Hukutabasamu hata kidogo, na kicheko kikaisha.

Ulipomfungua alisimama akitetemeka, akapiga hatua, akamkanyaga mwenzake kichwani ili afikie uji. Alikua akawa jogoo mwenye kiburi. Wageni walipokuja Krismasi, Baba akaanza kunoa kisu. Ukamwambia mbele yao wote, "Wewe ulisema ni ya mbwa. Basi si yako." Walikula maharagwe, na Baba mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Sasa sikiliza mambo ya huku. Siku ya kumpa mtoto jina, akina mama waliita majina ya marehemu mmoja mmoja, wakingoja apige chafya kwa lile analolitaka. Mama mkwe alirudia jina la mama yake hadi sauti ikakauka. Mtoto kimya. Walipotaja lako tu, akapiga chafya iliyomwamsha paka. Tangu siku hiyo mama mkwe anasema nimemletea mtoto mkaidi. Nashukuru kwa hilo.

Nimekukumbuka kwa uchungu wiki hii. Plasta ikikazwa, mtoto analia na mimi nalia naye njia nzima, na nikifika nyumbani ninaambiwa sina huruma. Nina huruma, Mama. Ingekuwa rahisi sana kuiacha plasta na kumbembeleza.

Jana jioni mume wangu alipata sauti hatimaye. Alisema Jumatatu hii nibaki, kwa sababu chai imekomaa na ikipita kiasi haitapokelewa kiwandani. Nilimwambia aende akachume yeye. Mama mkwe alishika kiuno, akaniuliza nani atakayebeba lawama chai ikikataliwa. Nikasema mimi. Nimekata chai mara nyingi na kila mara imechipuka tena. Mguu wa mtoto utakuwa laini mara moja tu. Jumatatu alfajiri tutakuwa barabarani, mimi na yeye, na atakayetaka kutuzuia aje asimame mbele yetu.

Mimi binti yako, mama wa mtoto aliyechukua jina lako.