Kwa Modest wetu wa Ganako, aliyetolewa mbioni kwa kupokelewa mzigo

Mwaka umetimia, Modest, tangu barabara ikuchukue asubuhi ya Jumamosi, na sisi bado tuna hasira. Watu wanatushauri tuandike kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Hatuandiki. Mungu haendeshi gari.

Ulikuwa fundi baiskeli pale karibu na mnada. Watoto wa shule uliwaziba pancha bure, huku ukiwagombeza: “Mnapita kwenye miiba kama mbuzi!” Baiskeli yako mwenyewe uliiunga kwa vipande, fremu ya huku, rimu ya kule, na kengele kubwa iliyosikika hadi kwa majirani.

Kila jioni ukifika kwenye kona ya mikaratusi uliipiga ile kengele, na Mama aliacha alichoshika akashuka njiani kukupokea. Uwe umebeba debe la mahindi au mkate mmoja, hukuingia nyumbani na mzigo mkononi. Ndivyo alivyotulea. Mtu anayekuja amelemewa hatazamwi, anapokelewa.

Halafu ukatuletea habari za mbio za matopeni. “Ni mbio za baiskeli,” ulituambia, “ila kuna mahali unashuka, unaibeba begani, unakimbia nayo.” Piusi mdogo wako alicheka mpaka akakaa chini. Mama akauliza, “Sasa kama ni ya kubebwa, si uiache nyumbani?”

Hukutusikiliza, mkaidi wewe. Siku yenyewe uliipaka baiskeli mafuta ya alizeti ya Mama ili tope lisigande, na mkeo Eunike akakufokea kwa sababu yalikuwa ya kupikia wageni. Pale uwanjani, pembezoni mwa mji, wenzako wa Arusha na Moshi walikuja na baiskeli za kunyanyuliwa kwa kidole na nguo za kubana. Wewe ulivaa bukta ya Piusi na raba zilizotoboka.

Udongo wetu mwekundu ulikuwa umelowa mvua ya masika, unateleza kama mlenda. Mzunguko wa kwanza ulianguka kwenye magogo, ukainuka na tope mdomoni. Wa pili tulikupoteza katikati ya watu. Wa mwisho, loo! Ukatokea chini ya kilima, wa tatu, baiskeli begani, unahema mpaka tunakusikia. Watatu wa kwanza ndio wangekwenda kushindana Dodoma, na safari ile ulikuwa unaiota usiku na mchana.

Ukamwona Mama kwenye kamba ya kuzuia watazamaji. Ukapiga kengele. Kwa nini uliipiga, Modest? Ulikuwa unamsalimia tu, tunajua. Lakini Mama alisikia kile anachokisikia kila jioni. Akapita chini ya kamba, akaishika fremu. “Lete, baba, nikupokee.” Majirani wawili nao wakakimbilia gurudumu la nyuma.

Watu wakakupigia kelele, “Mnyang'anye! Mnyang'anye!” Wewe ukaiachia. Hapa kwetu hatujaona mtu akimnyang'anya mama yake mzigo, na hukutaka kuwa wa kwanza. Na Mama alivyo na mbio, hakuna aliyewapita. Kule juu ukamwambia, “Asante, Mama,” ukapanda, ukamaliza wa tatu.

Ukatolewa. Mwamuzi alisema umesaidiwa, na sheria ni sheria. Nafasi yako akapewa Kimaren, kijana wa Soitsambu anayefanya kazi ya ulinzi hapa mjini. Mama alimfuata mwamuzi akamuuliza, “Kwenu nyie, mtu akija amebeba, mnafanyaje?” Wewe ulimshika mkono. “Twende, Mama. Mwakani utanisubiri kule juu.”

Ndiyo maana asubuhi ile ulikuwa barabarani, unapanda kilima cha Rhotia, unajifua kwa ajili ya hiyo mwakani. Gari lililokugonga halikusimama. Hilo tunamwachia dereva na usingizi wake. Lakini wale waliokuwepo! Walisimama kando wakakupiga picha, wakaambiana, “Usimguse, utaingia kwenye kesi, tusubiri polisi.” Picha zilifika kwenye simu ya Eunike kabla wewe hujafika hospitali. Tuliambiwa umechelewa. Umechelewa! Kana kwamba ulipitia dukani.

Siku ya mbio mikono ilikuwa mingi, ukaadhibiwa. Siku ile ya barabarani ulihitaji miwili tu, na wenye nayo walikuwa wameshikilia simu.

Tangu tukuzike, Mama aliacha kupokea. Wageni walikuja na ndoo na vikapu wakaingia navyo hadi ndani, naye ameketi barazani anawatazama. “Mikono yangu ndiyo iliyomtoa mbioni,” alisema. “Angekwenda Dodoma akaridhika, asingerudi barabarani.” Tulimkatalia. Hakutusikia. Ukaidi wako tunajua ulikoutoa.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha. Kimaren akaja kwetu, yeye ambaye peke yake kati ya watu wa mbio alifika msibani. Tope lilikuwa limejaa kwenye magurudumu hata hayazunguki, kwa hiyo baiskeli alikuwa ameibeba begani. Mama akamtazama akihangaika kwenye utelezi, akageuka pembeni, akamtazama tena. Kisha akainuka, bila viatu, akashuka njiani.

“Lete, baba, nikupokee.”

Kimaren akamwachia. Walipofika barazani akatoa mfukoni medali ya wa tatu aliyopewa siku ile ya mbio. “Yeyo,” alisema, kama wanavyomwita mama kwao, “hii ni ya Modest. Mimi imenishinda kukaa nayo.”

Mama hakuigusa. “Warudishie waliokupa,” alimwambia. “Waambie mimi napokea mizigo tu.” Akaenda kuchota maji, akaiosha ile baiskeli mwenyewe, na wewe unajua jinsi anavyosugua akiwa na hasira.

Misa ya kukuombea itasomwa parokiani Jumamosi asubuhi, kisha tutakuwa nyumbani Ganako. Wanaokuja na vikapu wajue kwamba Mama atakuwa njiani, penye mikaratusi. Waliokupiga picha nao waje kama wana uso. Watapokelewa vilevile, wajionee inavyofanywa.

Tunaokulilia ni mama yako Lusia, mkeo Eunike, mdogo wako Piusi, na mimi dada yako Selina niliyeandika haya kwa niaba ya wote. Siku zote utakuwa moyoni mwetu, Modest. Ulimaliza wa tatu.